Maji Yaliyochoka Njiani Kakuma

Sogea nikusimulie, hata kama hujawahi kushika spana. Mimi nimeishika miaka mingi na bado nilihitaji kufundishwa. Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayesimamia bomba la maji mtaani kwake Kakuma, alinipigia simu: maji yanadondoka tu, na kamati ya maji imesema yasipotoka vizuri leo, bomba litafungwa. Wanawake wa mtaa, yeye na goti lake bovu akiwemo, wangefuata maji ng'ambo ya laga, ule mto mkavu.

Asubuhi, Kanamkemer, mtaa wa Lodwar. Nilipanda boda boda nimekumbatia pampu mpya.

"Ejok, fundi," mwendeshaji alinisalimu kwa Kiturkana. "Hiyo ni injini ama mtoto?"

"Ni dawa," nikajibu, kwa majivuno ya daktari ambaye hajamwona mgonjwa.

Kutoka Lodwar lami ni nzuri, kwa hiyo nilipata saa mbili za kujisifu kimoyomoyo.

Saa tano, Kakuma. Mama Achol aliitazama pampu, kisha mimi.

"Fundi, tangi iko juu pale. Nguvu iko. Maji inachoka njiani."

Nikacheka. "Mama, maji hayachoki."

"Basi pima."

Niliunga kipimo cha presha karibu na koki. Koki ikiwa imefungwa, mshale ulipanda vizuri. Nilipofungua, ukaanguka. Kicheko kikaniishia. Maji yaliyotulia hayapotezi nguvu. Yakitembea, husuguana na paipu, na kila kona huyapunguzia nguvu zaidi. Paipu ikiwa nyembamba, hasara huongezeka mno.

Tukafuata paipu kuelekea tangini. Katikati tukakuta kipande kirefu cha nusu inchi, kikizunguka palipokuwa zizi la mbuzi kwa kona sita.

"Nani aliweka hii?" Mama Achol akauliza.

"Unamjua, Mama," nikajibu.

"Ah! Ile fundi iliogopa mbuzi?"

Ndiyo, mimi. Paipu ya inchi moja iliniishia, na beberu mmoja hakutaka nipite.

Zizi lilikuwa limeshahama. Tulinunua paipu ya inchi moja sokoni, tukainyoosha.

Saa kumi, mwenyekiti wa kamati alifika na kufuli mkononi. Jerikani iliyokuwa ikichukua dakika sita ikajaa kwa mbili. Akatia kufuli mfukoni.

"Kikombe iko?" akauliza. "Nisikie kiu bure?"

Jioni nilirudi Lodwar nikiwa na pampu ambayo haijafanya kazi hata dakika moja, na heshima mpya kwa neno "kuchoka".

Nawe, kabla hujanunua pampu, pima presha koki ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Ikianguka sana, ifuate paipu kwa miguu hadi tangini, utafute palipobanwa.