Siku Baba Alipoinama

Juzi pale Mombo, nikivutana na mama mmoja bei ya vitunguu, nilimwona dereva wa kombi kuukuu akiinama chini ya usukani. "Pedali ya mafuta imenasa," akamwambia utingo. Nikalipa bei ya kwanza niliyotajiwa, jambo ambalo mimi silifanyi.

Kombi ya baba ilinuka petroli na mihogo mikavu. Zama zile za ujamaa mwenye gari alishukiwa unyonyaji, hivyo baba hakumpita mtu mzima njiani bila kusimama na kumwamkia. Alasiri ile bibi, mama yake mzazi, alitungoja kando ya barabara ya Kang'ata tumpeleke hospitali Korogwe. Tulipomkaribia, kombi ikanguruma na kuchomoka. Baba akapiga honi, akainama mpaka kichwa kikazama chini ya usukani. Tukampita bibi, tukamwachia vumbi, tukaja kusimama katikati ya shamba la mihogo la kijiji.

Baba akarudi mbio kwa miguu, mimi nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Kumbe nawe umeshakuwa kupe? Hata mama yako humwoni?"

"Mama, gari lile..."

"Alikuona, bibi," nikasema. "Aliinama ajifiche."

"Mtoto hasemi uongo," bibi akajibu, akajitwika kifurushi chake, akarudi nyumbani na homa yake.

Baba hakunikaripia. Tuliporudi kwenye kombi alifungua injini, akahangaika na waya mmoja. Nikadhani anavuta muda ili bibi afike mbali. Tulipopita sokoni Handeni, niliinama mimi, watu wasinione niko naye.