Mtoto wa Mwanakombo na Mdomo Usiokutana

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya uzazi ya Likoni, Metroni, yule Mwingereza aliyetusimamia, hakuniruhusu kuzalisha. Aliniamuru nichemshe vyombo, kisha nikae nitazame. "Mkunga mwenye haraka huua," alisema. Uhuru ulikuwa bado, nami nilikuwa msichana wa Kisauni niliyetoka chuoni juzi tu.

Nilikuwa nimeshaizoea kazi alipokuja kujifungua Mwanakombo, mke wa Bakari, kuli wa bandarini. Mtoto alitoka akilia vizuri, lakini mdomo wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, na kaakaa, yaani paa la kinywa, lilikuwa wazi. Mavyaa yake Mwanakombo, mamake Bakari, alipomwona mtoto alirudi nyuma.

"Nilimkataza kushika kisu mwezi ulipopatwa," alisema. "Mwanangu hatakaa na mke huyu."

Mwanakombo aligeukia ukutani. Bakari alisimama mlangoni.

Metroni aliniambia, "Waeleze wewe. Kiswahili changu hakitoshi."

"Shikamoo, bi mkubwa," nilianza. "Mwezi ulipopatwa, mimba ilikuwaje?"

"Marahaba. Tumbo lilikuwa limeshatokeza."

"Basi uso ulikuwa umeshaumbika. Mtoto huanza kwa chembe moja, ikagawanyika zikawa nyingi. Chembe hizo hupelekeana habari, hii iwe moyo, ile iwe mfupa. Uso nao huota kutoka pande mbili hadi ukutane katikati, na mama pengine hajajua kwamba ni mjamzito. Wa huyu haukukutana. Kisu hakihusiki."

"Kwa nini haukukutana?" aliuliza Bakari.

"Wallahi, sijui. Wala daktari hajui. Lakini mtoto ana njaa, na hawezi kunyonya."

Nilimkamulia Mwanakombo maziwa kikombeni, nikampakata mtoto wima, nikamnywesha kwa kijiko kidogo kidogo, yasimpalie. Bakari alitazama, kisha akanawa mikono. "Nionyeshe," alisema. Mamake alitoka nje. Kesho yake alirudi na uji wa mzazi.

Mtoto alipopata uzito, alishonwa mdomo katika hospitali kubwa kisiwani. Mimi nilihamishiwa Changamwe, na bendera ilipobadilishwa Metroni alirudi kwao.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana hunieleza kwamba ndani ya kila chembe mna jeni, maagizo tuliyorithi, na kwamba hufunguliwa na kufungwa kwa wakati wake na mahali pake. Nafurahi kuyasikia. Hata hivyo, sababu ya mimba hii kwenda hivi na ile vile, mara nyingi bado haijulikani. Asiyeijua sababu asimtafutie mama kosa.