Afande Alikuwa Ofu, Nywele Zikiwa Nusu

Wasee, leo nimeona polisi mwenye nywele nusu akikimbiza mwizi!

Tuko saluni hapa Kangemi. Jirani yangu Afande Rose anasukwa: upande mmoja tayari, ule mwingine umesimama kama ufagio. Jamaa akaingia, akanyakua simu yangu, akatoka mbio.

Sote tukamgeukia Afande.

"Msiniangalie. Leo niko ofu, si siku yangu ya kazi."

Nikaanza kulia. (Ndiyo, nililia. Nyamazeni.)

Afande akasonya, akaruka nje, chanuo bado kichwani.

Mwizi kugeuka hivi na kuona hizo nywele, akapiga magoti, simu juu: "Mathe, chukua, usiniroge tu!"

Afande amenuna mpaka saa hii. "Na sikuwa hata nimesema mimi ni polisi!"

Sasa semeni: mwizi ameshikwa na serikali ama na nywele?