Baba wa Mtoto Yuko Wasso

Nilikuwa nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Karatu kwa miaka saba, na nilijiona naijua vizuri, siku alipoingia ofisini mama mmoja kutoka Mbulumbulu. Ilikuwa siku ya mnada, siku ambayo magari ya kushuka mjini hayasumbui kupatikana. Alikuja na binti yake wa miaka mitano, amevaa sweta la kijani lililomzidi mikono. Alikaa, akampakata mtoto, akasema, "Dada, baba wa huyu yuko Wasso. Nimeambiwa ninyi ndio mnaweza kumfikia."

Wasso iko wilaya ya Ngorongoro. Kwenye ramani ni majirani zetu, lakini kwenda huko ni safari ya kutwa, na sehemu kubwa ya njia ni vumbi na mawe. Mwanamke anayelima maharage hawezi kuacha palizi akamtafute mwanaume kwenye mji asioujua. Wengi wenye shauri kama hilo walifika kwangu wameshakata tamaa. Huyu hakuwa hivyo. Alitoa kwenye bahasha cheti cha kuzaliwa cha mtoto, chenye jina la baba, na kadi ya kliniki, akavipanga mezani kimoja kimoja.

Baba wa mtoto alikuwa fundi ujenzi. Alikwenda Wasso kufuata kazi, akawa anatuma matumizi, kisha akanyamaza. Hawakuwa wamefunga ndoa. Mahari ilianza kutolewa ikaishia njiani. Simu yake haikupatikana tena.

Nikafanya nilichozoea. Niliandika barua kali nikimtaka afike Karatu, nikaeleza kwamba amemtelekeza mtoto wake na kwamba sheria itamfuata popote alipo. Nikaipeleka kwa afisa mwenzangu wa Wasso. Fundi hakuja. Nikaandika ya pili, kali zaidi. Hakuja. Mwishowe yule mwenzangu alinipigia.

"Dada, barua zako zote mbili nimempa mkononi. Amesoma mbele yangu, akakunja, akatia mfukoni. Anasema Karatu hakanyagi."

"Kwa nini?"

"Hasemi. Ila mimi namwona kila siku kazini, si mtu mkorofi. Kabla hujakwenda mahakamani, njoo umsikie mwenyewe."

Nilipata nafasi kwenye gari la halmashauri lililokuwa linapeleka watu kwenye kikao. Kesho yake asubuhi mwenzangu akanipeleka hadi kwenye nyumba moja iliyokuwa inajengwa nyuma ya maduka. Fundi alikuwa juu ya jukwaa anapiga lipu. Alipotuona alishuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekuandikia."

"Mmeandika nimemtelekeza mtoto," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mara ya mwisho nilikwenda Mbulumbulu na viatu vya mtoto na mfuko wa unga. Mama yake alikuwa shambani. Mzee, babu wa mtoto, alinikuta uani. Akasema nimalize mahari kwanza, ndipo nimwone mtoto. Vitu vyangu vikarudishwa barabarani, majirani wanatazama. Nikabadilisha laini ya simu. Nikasema basi."

Nilisimama pale kwenye mchanga nikaona aibu. Kwa miaka saba nilikuwa nauliza baba yuko wapi na anafanya kazi gani. Sikumbuki kama niliwahi kuuliza kilichomzuia. Hata hivyo sikuja Wasso kumwonea huruma peke yake.

"Fundi, barua ile niliandika vibaya, na hilo nakuomba radhi," nikamwambia. "Lakini tangu siku hiyo mtoto amekuwa akila. Nani amemlisha?"

Alikwangua lipu iliyoganda kwenye mwiko wake.

"Mama yake."

"Basi tuanzie hapo."

Mchana tulikaa watatu ofisini kwa mwenzangu tukaandika makubaliano. Atatuma matunzo kila mwezi kwa simu, moja kwa moja kwa mama wa mtoto. Atachangia mahitaji ya shule na matibabu. Atamwona mtoto wakati wa likizo, mara ya kwanza ofisini kwangu. Akihama eneo la kazi, atamwarifu afisa wa Wasso, na aliandika pia namba ya fundi mkuu wake. Alitia sahihi polepole, kama mtu anayeogopa kuharibu karatasi.

Niliporudi Karatu nilimwita mama wa mtoto nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Viatu vilikuwa vya rangi gani?"

"Sikumuuliza, mdogo wangu."

Akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri. "Twende kwa baba yangu. Nitasema mwenyewe."

Mzee alitupokea vizuri, akatutolea viti, akaagiza chai. Nilipotaja jina la fundi aliweka kikombe chini. "Binti yangu, wewe si wa huku," aliniambia. "Kwetu huwezi kuvuna shamba ambalo hukulilima."

"Mzee, mimi ni wa Upareni, na kwetu pia mahari inadaiwa. Sikuja kuifuta. Idai kwa wazee wa upande wake, hata kesho. Ila mtoto hawekwi rehani."

Alikuwa anajiandaa kunijibu, lakini binti yake alimtangulia. Nyumbani kwao walizungumza Kiiraqw, ila siku hiyo alisema kwa Kiswahili, nadhani alitaka nisikie.

"Baba, ulinificha. Miaka miwili nimemtukana mtu mbele ya mtoto wake. Ningejua, ningemfuata mwenyewe barabarani."

Mzee alitazama ng'ombe wake zizini. Mimi nilikunywa chai. Hatimaye akasema, "Aje. Lakini aje na wazee wake."

"Kwa mahari atakuja na wazee," binti akajibu. "Kwa mtoto atakuja peke yake."

Mama wa mtoto naye alitia sahihi, tukayapeleka makubaliano mahakamani Karatu ili yawe amri, na fundi alikuja mwenyewe, amevaa shati lililopigwa pasi. Kwenye korido mtoto alijificha nyuma ya mama yake. Kisha akachungulia.

"Wewe ndiye uko Wasso?"

"Ndiye mimi."

"Wasso kuna shule?"

Fundi alicheka, akachuchumaa, akaanza kumwelezea shule ya Wasso, kuta zake na mabati yake, kama fundi anavyoeleza jengo. Walikuwa bado wanazungumza tulipoitwa ndani.

Mambo hayakunyooka yote. Msimu wa mvua uliofuata fundi alihamia kazi nyingine mbali na mji bila kumwarifu mtu, miezi miwili ikapita kimya. Mwenzangu alimpigia fundi mkuu, akampata siku ya tatu, na matunzo yakarudi. Mahari ilizungumzwa na sehemu yake ikatolewa. Mama wa mtoto hakutaka kuolewa naye tena, na hilo lilikuwa lake kuamua, hakuna aliyemsukuma.

Mimi nilibadilika zaidi ya wote. Sasa likija shauri la baba aliyeko Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, au mkoa mwingine kabisa, nashika simu kwanza, namtafuta afisa wa huko, namwomba aende akamsikilize mtu kabla sijaandika neno. Barua inafuata baadaye, na mara nyingi sasa inajibiwa. Mahakama ninayo pale pale, na pakihitajika siiogopi.

Mwaka huu yule mama alipita ofisini, binti yake yuko darasa la pili. Aliuliza kama faili lake limeshafungwa.

"Bado," nikamwambia, nikalitoa kabatini. "Unataka nilifunge?"

"Acha likae wazi, dada. Hapo lilipo halimsumbui mtu."

Nikalirudisha kabatini, akaaga, akawahi gari la Mbulumbulu.