Msusi Aliyeacha Kichwa Njiani

Watu wa mtaani walimwita Chanuo, na hata mumewe alishasahau kumwita vingine. Alikuwa msusi mwenye mkono mwepesi na mdomo usiotulia. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na rafu ya riwaya zilizolowa mafuta ya nywele, zote za mwandishi mmoja, mama wa makamo ambaye Chanuo alimpenda kupita kiasi. Chanuo naye alikuwa na hadithi yake, ila kila akifika ukurasa wa pili anakwama, anarudi kuuchana ule wa kwanza.

Asubuhi moja mwandishi huyo akahojiwa redioni. "Mimi sisubiri niishiwe maneno," akasema. "Naacha kazi wakati bado najua kinachofuata. Kesho yake naamka na hamu."

Maneno yakamwingia Chanuo barabara. Bahati mbaya, kitini alikuwapo karani wa benki, upande mmoja wa kichwa umesukwa, wa pili nywele zimesimama kama zimeona jini.

"Shoga, tuishie hapa," Chanuo akamwambia. "Kesho tutaendelea kwa hamu."

Karani akajitazama kiooni. "Tuishie wapi? Mchana naingia kazini."

"Usijali, kinachofuata nakijua."

Wifi yake Chanuo, aliyekuwa akimwosha mteja mwingine, akaacha maji yajimwagikie. "Wifi, una homa?"

Karani hakungoja jibu. Alijifunga kitambaa, akatoka bila kuaga.

"Yule mama alikuwa anaongelea hadithi," wifi akasema bila kupindisha. "Kichwa cha mtu kina mwenyewe."

Chanuo akacheka mpaka akakaa chini, kisha aibu ikamshika. Jioni akabeba mkoba wa rasta, akaenda kumwomba karani radhi mlangoni kwake. Akakaribishwa kwa shingo upande, akaanza kummalizia upande wa pili sebuleni. Karani alinuna vilivyo. Ili kupoza mambo, Chanuo akamsimulia hadithi yake: bwana mmoja anafukuzwa na mkewe, na sanduku lake tupu mkononi.

"Halafu akaenda wapi?" karani akauliza, kununa kumemtoka.

"Hapo ndipo ninapokwama."

"Si kwa mama yake? Mwanaume kafukuzwa, aende wapi tena?"

Tangu hapo Chanuo akawa anaandika asubuhi kabla ya kufungua saluni. Alipofika mahali patamu, mama wa yule bwana amesimama mlangoni na mwiko, aliweka kalamu chini na kushika chanuo. Kutwa nzima ulimi ulimwasha, lakini vichwa vyote alivimaliza, na hadithi nayo, polepole, ikafika mwisho.

Akaichapisha stesheneri ya jirani, akaiweka katikati ya majarida ya mitindo. Wiki haikuisha, ikaibiwa. Wifi akataka kupekua mikoba ya wateja.

"Mwache," Chanuo akasema, meno yote nje. "Aliyeiba kaipenda."

Nakala ya pili, hata hivyo, aliifunga kwa uzi mguuni mwa kiti.