Kanari wangu walikubali pellets wiki tatu, kisha wakaanza kudhoofika

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi huwa msomaji tu, lakini hili limenichanganya na nitalieleza lilivyokuwa, hata pale nilipokosea mwenyewe.

Nimeolewa Gesima, nafanya kazi agrovet hapo Keroka. Nafuga kanari wawili, dume na jike. Tundu lao linaning'inia nje, ukutani kwa stoo.

Kanari wangu wa kwanza alikufa mnene. Vet akaniambia ini lilijaa mafuta, mbegu tupu si chakula. Basi hawa wawili nikaamua lazima wahamie pellets, vile vidonge vya chakula cha ndege vya dukani, sikutaka kuzika mwingine.

Nilianza polepole. Pellets kidogo ndani ya mbegu, kila siku naongeza hizi, napunguza zile. Baada ya siku chache sahani ikawa pellets peke yake.

Jioni nikirudi nakuta zimesagwa unga. Ndege wachangamfu, dume anaimba mpaka wachuma chai wanasimama. Nikajiona mtaalamu. Msinicheke.

Kitu kimoja kilinishangaza: maganda ya wimbi ndani ya tundu. Nikasema ni upepo, maana huku kila boma linapepeta wimbi.

Wiki tatu zikapita hivyo.

Ya nne, Jumatatu, dume akanyamaza. Jumanne wote wawili wamejivimbisha manyoya, macho nusu wazi. Na pellets ni zile zile, maji ni safi.

Nikahamisha tundu juani. Nikafungua mfuko mpya. Nikaosha sahani kwa maji moto. Wapi. Ndege anakulaje kitu wiki tatu halafu anakikataa? Hata sasa nikikumbuka kichwa kinaniuma.

Jumatano asubuhi jike alikuwa chini, amekufa. Nilimshika, mwepesi hana kitu, kifua mfupa mtupu. Nililia, sioni haya kusema.

Nikarudisha mbegu mbio. Dume akala bila kuinua kichwa.

Jumapili baba mkwe akarudi. Alikuwa Nyaramba kwa binti yake wiki nzima. Ni mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja wetu.

Kesho yake nilikuwa off. Kupitia dirishani nikamwona mzee amesimama kwa tundu. Akatoa wimbi mfukoni mwa koti, akampitishia dume kati ya waya. Ndege alikuwa ameshamfikia kabla hajafungua kiganja. Nikakaa kitandani.

Sasa kwa wasiojua mila zetu: mkaza mwana na baba mkwe wana chinsoni kati yao. Yeye haingii kwangu, nami siwezi kutoka nje nikamwuliza unafanya nini hapo. Nikamtuma mume wangu.

Jibu likaja hivi: "Mwambie asijisumbue na mimi. Kila siku naona sahani ina unga tu, hakuna punje hata moja. Nikajua kazi ya Keroka imemchosha, amesahau. Sasa mimi nitamwambiaje mke wa mwanangu kwamba hawalishi ndege wake?"

Kumbe ndege pellets walikuwa wanazivunja tu, hawazimezi. Mzee ndiye alikuwa anawaweka hai, na amenyamaza asinivunjie heshima. Nami sikuwahi kumtumia hata salamu kwamba nabadilisha chakula, kwa sababu ile ile.

Somo langu ni hili. Unga kwenye sahani si ushahidi kwamba ndege amekula. Mpime uzito kila asubuhi. Mimi nina mizani kazini na sikuwahi hata kuileta nyumbani. Na kila mtu wa boma ajue unachofanya, hata yule usiyeongea naye, mtafutie wa kumpelekea habari.

Dume yuko sawa, tumeanza upya na mzee anajua. Pellets nazilowesha, mbegu bado ziko.

Ila mzee aliuliza yule mwingine yuko wapi. Mume wangu alimwonea huruma, akasema alitoroka tundu likisafishwa.

Tangu hapo, kila asubuhi baba mkwe anaacha wimbi kidogo juu ya ukuta wa stoo. Eti yule jike akirudi asikute hakuna kitu.

Mimi nalitazama hilo wimbi nikienda kazini na sijui la kufanya. Aambiwe, au aachwe hivyo? Nyinyi mngefanyaje, hasa walioolewa huku kwetu?