Jibu Kutoka Leso ya Tatu

Haya nitayasema mara moja tu, tena nikiwa nimefunika uso, kwa sababu jirani zangu wa Komarock wamekuwa wakinisimulia mimi mwenyewe kila nikienda kununua sukuma wiki, na kila mara wanaongeza chumvi (eti nilibebwa kwa machela, uongo mtupu), kwa hivyo afadhali nijianike mwenyewe.

Chanzo ni Kihispania. Mimi nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini, na Wafula, ambaye sasa ni mume wangu kwa hivyo msishike roho, ni dereva wa watalii, mzaliwa wa Mbotela. Tulikutana darasa la jioni huko Buruburu, kipindi cha vivumishi, na mapenzi yetu yalianzia hapo hapo kwenye vivumishi, kwa maana hatukuwa tumejua vitenzi vya kutosha kuambiana kitu kingine. Nami niliona hiyo lugha nyepesi sana. Kivumishi kinakaa nyuma ya jina kama kwetu, nyumba nyeupe ni casa blanca, na kinalifuata jina lake kila mahali: nyumba kwao ni ya kike basi ni blanca, gari ni la kiume basi ni coche blanco, yakiwa mengi unaongeza s huku na huku, umemaliza.

Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi jikoni, na aliyekuwa akinisikiliza ni Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyekuja kutoka Machakos kutibiwa magoti wiki mbili na sasa ana mwaka wa tatu.

"Hao watu wana ngeli mbili tu?" aliniuliza nilipomweleza mambo ya kike na kiume. "Na mimi nimechapa watoto miaka thelathini kwa sababu ya ki-vi na li-ya! Wana raha hao."

Basi kila jioni yeye anabambua mbaazi, mimi nasonga ugali, na tunarushiana maneno. Mimi nasema alta, yaani mrefu wa kike, yeye anajibu baja, mfupi. Mimi gorda, mnene, yeye flaca, mwembamba. Alikuwa hakosei. Kumbukeni hapo, kwa sababu mimi nilisahau.

Ikafika siku ya kina Wafula kuja kwetu na mbuzi wa ntheo, ambayo kwa sisi Wakamba ndiyo siku msichana anahesabiwa kuwa ameshikwa, yaani ameposwa. Shangazi zangu hawataki sherehe bila vituko, kwa hivyo wakasema bwana harusi atachagua mtu wake kati ya wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani. Hilo si geni, mmeliona. Lakini Mjomba Mutua, msemaji wetu, akaongeza lake: "Nafasi ni moja. Akikosa, wale chakula, warudi kwao, tuonane mwakani. Mwanamume asiyejua mtu wake anakuja kuchukua nini?"

Mwakani! Mama Wafula alikuwa amebembelezwa miezi sita ndipo akakubali mtoto wake aoe Ukambani. Huyo mama akirudishwa Mbotela mikono mitupu, mimi nilijua kabisa hataikanyaga Komarock tena.

Wafula akanipigia simu sauti imemkauka. "Mwende, mkivaa hizo leso mtakaa tu kama magunia ya makaa. Nitakujua aje?"

Na hapo ndipo nilipoamua kale kajambo kadogo. Nikamwambia, wewe pita kwa kila mmoja, mwambie kivumishi kimoja cha Kihispania polepole, hakuna mtu pale anayejua hiyo lugha, ukifika kwangu nitakujibu kinyume chake. "Na usibahatishe," nikamwonya. "Usiamini macho. Subiri jibu." (Mwenye akili nyingi ni mimi.)

Jumamosi ikafika. Tulipangwa watano kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba, slipasi za kufanana miguuni, leso mbili mbili kila mtu, joto la kuivisha ndizi. Mimi nilikuwa wa tano, mwishoni. Kwa kuwa nilifunikwa mapema, sikujua wengine ni nani, nikadhani ni binamu zangu tu.

Nikamsikia Wafula amefika kwa wa kwanza. "Alta," akasema. Kimya. Lakini kumbe mama yake, mtu wa maombi kwelikweli, alidhani kijana anaomba kwa lugha, akaitikia kwa sauti: "Amina!" Wageni wote wakafuata, amina. Wa pili: "Gorda." Kimya. Amina! Mimi chini ya leso nilikuwa nimejiuma mdomo nisicheke.

Wa tatu. "Alta," akarudia (nadhani woga ulikuwa umemfuta mengine).

Na kutoka kiti cha tatu, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha: "Baja!"

Ile sauti naijua, ni ya jikoni kwetu! Nikasikia Wafula akipiga kelele, "Ni huyu! Huyu ndiye wangu!" Nami badala ya kutulia kama bibi harusi nikaruka nikisema ngoja, ngoja, nikasahau kwamba sioni na miguu imebanwa na leso, nikapiga hatua mbili, ya tatu ikakosa ardhi, nikaanguka kifudifudi kwenye mapaja ya mtu. Nilipofunuliwa macho nikajikuta nimemkumbatia Mama Wafula, sahani yake ya pilau iko kichwani kwangu.

"Amina," akasema, lakini hii ilikuwa ndogo.

Na pale kiti cha tatu Wafula ameshika leso mkononi, ameganda, mbele yake Susu na soksi zake za kijivu, anacheka na meno yake manne. "Amenichagua," akatangaza. "Mmesikia wote. Na mimi nimemkubali."

Watu walilala chini kwa kicheko. Mjomba Mutua peke yake hakucheka. Akauliza hayo maneno ni ya wapi, na ikabidi nisimame, wali unanidondoka, nikiri mbele ya pande zote mbili kwamba tulipanga kuiba mtihani. Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Mjomba akavaa kofia yake. "Basi mwakani," akasema.

"Mutua, kaa," Susu akasema. "Bibi harusi leo ni mimi, si ndiyo? Basi mimi ndiye nitakayemwachilia huyu bwana harusi. Wewe kijana, wacha hiyo lugha ya watu. Huyu mjukuu wangu, hebu mweleze kwa Kiswahili. Mmoja mmoja."

Wafula akajifuta jasho. "Ni mkali," akaanza. "Ukikosea anakwambia hapo hapo. Ni mvivu kuamka. Ni mwaminifu. Akicheka sana anashika ukuta. Na ako na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimelalia mwenzake, kimekaa hivi." Akaonyesha kwa vidole vyake. "Hata nikiingia kwa geti nilikiona hapo mwisho. Nikajua ni yeye."

Kila mtu akaangalia mguu wangu. Mama Wafula pia aliinama akaangalia.

"Sasa kama ulijua," nikapayuka, "mbona hukuja moja kwa moja?"

"Si wewe uliniambia nisiamini macho!"

Mama Wafula ndiye aliyenitoa wali kwenye nywele, punje kwa punje, akimwambia Mjomba kwamba yeye hawezi kurudi Mbotela na kuacha msichana ambaye tayari amemkalia mapajani. Mjomba akavua kofia. Faini ikawa mbuzi wa ziada kutoka soko la Kiamaiko na blanketi la Susu, na lilipoletwa Susu akalipima kwa macho akasema, "Kwa hao Wahispania ni la kike au la kiume?"

Mpaka leo Susu anamwita Wafula "mume wangu", na Wafula anaitika. Mimi Kihispania changu nakiacha kazini. Na nimeapa, mtu akishanijua kwa kidole cha mguu, sitamfundisha tena namna ya kunitafuta.